Somo la 7: Jina Linalojengwa Kazini

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mithali 22:1, Mhubiri 10:1, 2 Wafalme 12:9–15, Danieli 6:1–5, Mithali 10:26, 25:19, 26:20, Filemoni 8–20, Kutoka 20:8–11, Tito 2:9, 10, Wakolosai 3:22–24.

Fungu la kukariri: Mithali 22:1. Lisomeni pamoja kwa sauti. Sulemani anaweka jina jema upande mmoja na mali nyingi upande wa pili, kisha anasema kipi cha kuchagua kwanza.

Katika miaka ya 1870, aliyetaka kusafiri kwenda bara alianzia Unguja mjini. Hapo ndipo alipowapata wapagazi, askari na wanyapara wa msafara. Desturi ilikuwa kuwalipa mshahara wa miezi kadhaa kabla ya kuondoka, na wengine walitoroka njiani wakiwa wameshapokea fedha. Kwa hiyo, kabla ya kumwajiri mtu, mwenye safari aliuliza kwanza jina lake: Huyu alisafiri na nani? Alirudi na mzigo aliokabidhiwa? Njaa ilipobana, alifanyaje?

Miongoni mwa waliojulikana sana walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Mwaka 1866 waliondoka Unguja pamoja na Dk. David Livingstone, mmishonari na msafiri kutoka Scotland, katika safari yake ya mwisho. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873, wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, wakiwa wametembea takriban kilomita 1,600. Mwili ukavushwa kwa meli hadi Unguja, kisha ukapelekwa Uingereza.

Hakuna mtu anayepata uaminifu wa namna hiyo kwa siku moja. Juma hili tunajifunza jinsi mazoea madogo ya kila siku kazini yanavyojenga jina la mtu au kulibomoa, na jinsi jina hilo linavyohusiana na jina la Mungu tunayemtumikia.

JUMAPILI
Inzi Mmoja Katika Marhamu

Soma Mhubiri 10:1. Je, ni kitu gani kinachoharibu manukato ya mtengenezaji hodari? Kwa nini kitu kidogo kina nguvu kiasi hicho?

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe mfano huu hauhitaji maelezo marefu. Yupo muuza mafuta mazuri na udi ambaye wateja humfuata kwa miaka mingi. Siku mteja atakapofungua kichupa na kukuta inzi ndani, hatakumbuka vichupa vyote safi alivyonunua zamani. Atakumbuka hicho kimoja. Mkulima wa karafuu naye analijua jambo hili. Karafuu chache zisizokauka vizuri zikitiwa katika gunia la karafuu kavu, ukungu huanzia kwao na kuenea.

Mhubiri hasemi kwamba mwenye hekima hana thamani. Anasema kwamba upumbavu kidogo unaweza kuifunika hekima nyingi. Mfanyakazi anaweza kuwa fundi stadi, lakini kila akipewa kazi husema itakuwa tayari kesho, na kesho haifiki. Karani anaweza kuandika vizuri sana, lakini kila Jumatatu huchelewa. Mpishi anaweza kupika chakula kikasifiwa hotelini kote, lakini huondoka na kibaba cha mchele mkobani kila jioni. Watu wanaofanya kazi naye hawatasema "ni fundi stadi" wakanyamaza. Watasema "ni fundi stadi, lakini…" Neno hilo "lakini" ndilo inzi.

Mara nyingi mwenyewe halioni. Zoea likishakaa muda mrefu, mwenye nalo haliiti kosa tena. Huliita "ndivyo nilivyo" au "kila mtu hapa hufanya hivyo." Lakini wenzake wanaliona, na mwajiri analihesabu.

Tafakari: Wenzako wakitaja jina lako mbele ya mwajiri mpya, ni neno gani wangeliweka baada ya "lakini"? Je, uko tayari kumwomba mtu mmoja mwaminifu akuambie?

JUMATATU
Sanduku Lililofunguliwa Mbele ya Wote

Soma 2 Wafalme 12:9–15 na Danieli 6:1–5. Je, mafundi wa hekalu na Danieli wanafanana katika nini?

Wakati wa mfalme Yoashi fedha za kutengeneza hekalu zilitiwa katika sanduku, zikahesabiwa na kufungwa, kisha zikakabidhiwa kwa wasimamizi wa kazi. Fungu la 15 linasema kwamba wasimamizi hao hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Hilo ni jina la ajabu kwa mtu anayeshika fedha za wengine. Danieli naye alichunguzwa na watu waliotaka kumwangusha. Wakapekua kazi zake zote za serikali, wasipate kosa. Hawakumkuta safi kwa sababu siku ile alijiandaa kukaguliwa. Kazi zake za kila siku zilikuwa safi tangu mwanzo.

Livingstone alipofariki, Susi na Chuma hawakufungua masanduku ya marehemu peke yao. Waliwaita wenzao wote, masanduku yakafunguliwa mbele yao, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akaandika orodha ya vilivyomo. Ndipo wakafikiri juu ya safari. Wangeweza kugawana vitu, maana mwenyewe alikuwa amekufa na pwani ilikuwa mbali. Hakuna ambaye angewauliza. Lakini waliandika, kisha wakavibeba, pamoja na vitabu vya kumbukumbu ambavyo bila wao dunia isingevisoma.

Zoea la kuhesabu mbele ya shahidi ni dogo, lakini humlinda mtu na majaribu, na pia humlinda na shutuma za uongo. Mtunza ghala anayeandika bidhaa siku ileile zilipoingia, mwenye duka anayetoa risiti bila kuombwa, na mweka hazina wa kanisa anayehesabu sadaka na mwenzake, wote wanafuata mafundi wa Yoashi. Anayesema "niamini tu" na kukataa kuhesabu, hata kama ni mwaminifu, anajenga jina lake juu ya mchanga.

Tafakari: Je, katika kazi yako kuna mahali unaposhika mali ya mwingine bila maandishi wala shahidi? Unaweza kubadili nini juma hili?

JUMANNE
Saa na Ulimi

Soma Mithali 10:26. 25:19 na 26:20. Andika kwa maneno yako mwenyewe kile ambacho kila fungu linasema juu ya mtu wa kazini.

Sulemani anamfananisha mvivu kwa wale wanaomtuma na siki kwenye meno na moshi machoni. Siki na moshi haviui mtu, lakini vinaudhi mpaka mtu aviondoe. Ndivyo mwajiri anavyojisikia kwa mfanyakazi ambaye hakufanya kosa kubwa hata moja, lakini kila siku amechelewa kidogo, amepotea kidogo, simu yake haipokelewi, na ujumbe hajauona. Katika sura ya 25, kumtegemea asiyeaminika siku ya taabu ni kama kutafuna kwa jino lililovunjika au kukanyaga kwa mguu ulioteguka. Kiungo kipo, lakini kikiwekewa uzito hakibebi.

Ndiyo maana saa ni jambo la kiroho. Anayechelewa hula muda wa mtu mwingine. Katika hoteli ya ufukweni Nungwi au Paje, mlinzi wa usiku asipofika zamu yake, mwenzake aliyekesha hawezi kwenda nyumbani kwa watoto wake. Boti ya kwenda Dar es Salaam haimsubiri mgeni kwa sababu dereva alilala. Mwenzako anabeba mzigo ulioutua.

Kisha kuna ulimi. Mithali 26:20 inafundisha kwamba moto huzimika kuni zikiisha, na ugomvi hutulia mchongezi asipokuwapo. Katika kisiwa ambacho watu wanajuana kwa ukoo na mtaa, neno lililosemwa jikoni asubuhi hufika ofisini kabla ya adhuhuri. Mfanyakazi anayewasimulia wageni makosa ya mwajiri wake, au anayemsengenya mwenzake kwa meneja, anajidhuru kwanza. Anayemsikiliza anacheka, lakini moyoni anajiambia: kesho atanisema mimi.

Haimaanishi kwamba mwamini anyamaze anapoona wizi au dhuluma. Mathayo 18:15 inafundisha mwanzo wa njia: nenda kwa mwenyewe kwanza, mkiwa wawili. Tofauti ya kuonya na kusengenya inaonekana katika mtu unayekwenda kumwambia.

Tafakari: Katika siku saba zilizopita, ni maneno gani uliyosema juu ya mwenzako ambayo usingeyasema yeye akiwa amesimama hapo?

JUMATANO
Jina Lililovunjika

Soma Filemoni 8–20. Onesimo alijulikanaje kwanza? Nini kilibadilika, na Paulo alitoa dhamana gani?

Onesimo alikuwa mtumwa aliyeondoka kwa bwana wake, na Paulo anakubali wazi kwamba zamani hakumfaa Filemoni. Paulo hafichi historia hiyo. Lakini anaandika kwamba sasa Onesimo anafaa, na kwamba kama kuna deni, yeye Paulo atalilipa. Jina lililovunjika linahitaji vitu viwili: mtu aliyebadilika kweli, na mtu mwingine aliye tayari kusimama naye wakati watu bado wana shaka.

Susi na Chuma nao hawakuwa malaika. Mwaka 1868 Livingstone alitaka kuendelea kuelekea ziwa Bangweulu, na wengi katika msafara wake walikataa. Walikuwa wamechoka. Susi na Chuma walikuwa miongoni mwa waliobaki nyuma. Miezi kadhaa baadaye Livingstone aliporudi, aliwapokea tena. Katika kumbukumbu zake alikiri kwamba hata yeye alikuwa na makosa yake. Laiti angewafukuza siku ile na kutangaza majina yao kuwa ya watoro, nani angemfunga sanda miaka mitano baadaye?

Kuna somo hapa kwa pande zote mbili. Aliyekosa kazini asifikiri kwamba maneno ya msamaha yanatosha. Watu huona toba kwa saa ya kufika, kwa hesabu inayokwenda sawa, kwa kazi iliyomalizwa miezi mingi mfululizo. Jina lililojengwa kwa haba na haba hurudishwa kwa haba na haba. Na mwajiri mwamini asiwe mtu anayeandika kosa la kijana kwa wino usiofutika. Injili yenyewe ni habari ya Bwana aliyewarudishia watoro kazi yao. Petro aliyekana mara tatu aliulizwa mara tatu, kisha akakabidhiwa kondoo (Yohana 21:15–17).

Tafakari: Je, kuna mtu kazini kwako ambaye bado anaitwa kwa kosa la zamani? Je, unaweza kumfanyia kile ambacho Paulo alimfanyia Onesimo?

ALHAMISI
Siku Sita na Siku ya Saba

Soma Kutoka 20:8–11 na Tito 2:9, 10. Je, amri ya nne inasema nini juu ya siku sita?

Mara nyingi Waadventista husoma amri hii wakitazama siku ya saba tu. Lakini amri inaagiza pia kufanya kazi yote katika siku sita. Siku sita zilizofanywa vibaya huidhoofisha Sabato.

Chukua mfano wa wahudumu wawili katika hoteli moja ya Unguja. Wote ni Waadventista, na wote wamemwomba meneja asiwapangie zamu kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Sabato jua linapotua. Wa kwanza hufika kwa wakati. Mchana wa Ijumaa, wenzake Waislamu wanapokwenda msikitini, yeye hushika nafasi zao bila kuombwa mara mbili. Mwezi wa Ramadhani hukubali zamu ya magharibi ili wenzake wafuturu na jamaa zao. Jumapili na sikukuu hajifichi. Wa pili huchelewa, hubishana juu ya zamu, na mara mbili alisema anaumwa kumbe alikuwa harusini. Siku maombi yao yanapofika mezani, meneja hasomi Kutoka 20. Anasoma siku sita za kila mmoja.

Meneja anaweza kumkatalia hata yule wa kwanza. Hapo ndipo imani inapopimwa kweli, kwa maana utii kwa Mungu haungoji ruhusa. Danieli alikuwa na jina safi, na bado alitupwa katika tundu la simba. Lakini maadui zake walilazimika kukiri kwamba hawangepata neno juu yake isipokuwa katika sheria ya Mungu wake (Danieli 6:5). Mwamini akipoteza kazi, ipotee kwa ajili ya Sabato peke yake, isiwe kwa uchelewaji uliovikwa vazi la Sabato.

Paulo anamwambia Tito kwamba hata watumwa, kwa kutoiba na kwa kuonyesha uaminifu, wanaweza kuyapamba mafundisho ya Mungu. Neno hilo ni zito. Watu wengi wa mtaani hawatasoma kamwe kijitabu cha mafundisho yetu, lakini wanamjua Mwadventista mmoja anayefanya kazi nao. Huyo ndiye kijitabu chao.

Tafakari: Kama mwajiri wako angeijua Sabato kwa kukutazama wewe siku sita tu, angeifikiriaje?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Katika kitabu cha Manabii na Wafalme, Ellen White anaeleza jinsi maadui wa Danieli walivyomchunguza kwa makini wasione kosa. Soma kisa hicho pamoja na Wakolosai 3:22–24, na uangalie Paulo anasema kazi inafanywa kwa ajili ya nani na malipo yanatoka wapi.

Swali hili la malipo lina uzito, kwa sababu jina jema halilipwi sikuzote. Msafara uliobeba mwili wa Livingstone ulipofika pwani, wanaume hao walilipwa mishahara yao na kuachiliwa waende zao. Hapakuwa na sherehe. Mazishi yalifanyika London katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya wote walioubeba mwili kupitia mbuga na vinamasi, ni Jacob Wainwright peke yake aliyekuwapo. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye mwaka huo, mazishi yakiwa yamekwisha. Hata hivyo hawakususa. Waliketi na mhariri wa kumbukumbu za marehemu, wakamweleza mambo ya siku za mwisho ambayo hakuna mwingine aliyeyajua.

Jina lao liliendelea kutembea mbele yao. Mwaka 1879 Chuma aliajiriwa Unguja kuongoza msafara wa Keith Johnston. Johnston alipofariki njiani mwaka huohuo, kijana Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21, aliendelea na safari akimtegemea Chuma, hadi maziwa ya Nyasa na Tanganyika, kisha akarudi pwani. Susi alifanya kazi Kongo, na baadaye akarudi Unguja kuitumikia misheni ya Kianglikana. Mwaka 1886 alibatizwa akaitwa David. Chuma alifariki mwaka 1882 na Susi mwaka 1891, wote wawili hapa Unguja.

Wanadamu huchelewa kutambua, na wakati mwingine hawatambui kabisa. Anayefanya kazi ili asifiwe ataacha kufanya vizuri siku sifa zitakapokoma. Anayefanya kwa ajili ya Bwana hana siku ya kuacha. Mwajiri wake wa kweli anamwona ghalani usiku kama anavyomwona mbele ya wageni mchana.

Maswali ya kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya jina la mtu (watu wanavyomwona) na tabia yake (Mungu anavyomwona)? Je, inawezekana kuwa na moja bila nyingine? Toeni mifano ya Biblia.

2. Katika darasa lenu wamo walioajiriwa, wanaojiajiri na wanaoajiri wengine. Kila kundi litaje zoea moja dogo linaloharibu majina ya watu katika kazi yao, na jinsi ya kuliacha.

3. Kijana wa kanisa lenu ameomba mzee wa kanisa amwandikie barua ya kumdhamini kazini, lakini mzee anajua kwamba kijana si mwaminifu katika fedha. Afanye nini ili asiseme uongo na pia asimtupe kijana?

4. Mshiriki amefanya kazi kwa uaminifu miaka kumi, na cheo kimepewa mwingine kwa undugu. Mtamwambia nini ambacho ni cha kweli na cha kumtia moyo?

5. Kabla ya kumaliza, kila mshiriki amtaje moyoni mtu mmoja kazini ambaye humjua Mungu kupitia yeye tu. Mwombeeni mtu huyo juma lijalo, na muombe neema ya kuwa waaminifu katika lililo dogo mbele yake.